Sura ya Saba: Jerikeni Sita za Maji

Barabara ya lami inayoanzia kituo cha forodha cha Vurra, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, hupita Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini. Urefu wake ni kilomita 92. Lami ile imevipa njia nzuri vitu vyote vinavyovunjika: vioo vya madirisha, vigae vya sakafu, vyoo vya kukalia na, siku hizi, mahodhi ya kuogea. Utayaona yamefungwa kwa kamba juu ya pikapu, yamelazwa kifudifudi juu ya godoro kuukuu, na utingo ameketi juu yake kana kwamba ni kiti alichonunuliwa yeye.

Wengi wanaoyanunua hawakuwahi kuyaomba. Waliyakuta kwenye ramani ya nyumba. Kijana mchoraji alipomaliza chumba cha kulala cha mwenye nyumba alibakiwa na kona tupu bafuni, akabonyeza kitufe, hodhi likajichora. Kwenye kompyuta hodhi halina uzito wala kiu. Vurra lina vyote viwili, na sura hii ni kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuoneshwa ramani hiyo na hajalipa bado.

Tuanze na kiu. Hodhi la kawaida lina urefu wa sentimita 170 na upana wa sentimita 70, na likijazwa hadi kwenye tundu la kufurika hubeba lita 150 hadi 180. Hulijazi kiasi hicho, kwa sababu mwili nao unachukua nafasi. Mtu mzima akiingia, maji hupanda. Ukitaka kuoga kwa raha, lita 120 zinatosha, nazo ni jerikeni sita za lita 20. Katika kambi za wakimbizi, na eneo letu la West Nile linazijua vizuri kwa Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi, kiwango cha chini kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kuoga. Hodhi moja lililojazwa kwa ajili ya mtu mmoja, kwa nusu saa, ni maji ya watu wanane kutwa nzima.

Sisemi hivyo ili kumwaibisha mtu. Mwenye kisima chake na tangi lake ana haki ya kukaa majini mpaka vidole vinyauke. Lakini katika nyumba nyingi za Vurra anayekwenda kwenye pampu ya mkono si yule aliyeagiza hodhi. Ni binti wa darasa la tano, au shemeji aliyekuja kukaa na familia. Kabla ya kuamua, muulize huyo.

Watu husema hodhi ni mambo ya Wazungu. Ni kweli kwamba maofisa wa kikoloni walisafiri na mabeseni makubwa ya bati ya kuogea, yakibebwa na wapagazi pamoja na hema na kitanda. Ni kweli pia kwamba eneo hili, lililowahi kuwa sehemu ya eneo la Lado chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, lilipohamishiwa Uganda mwaka 1914, nyumba za maofisa ziliendelea na desturi hiyo. Ila maji ya kuogea ndani ya nyumba katika Afrika Mashariki ni mambo ya kale zaidi. Husuni Kubwa ya Kilwa, jumba la karne ya 14, lina bwawa la kuogea lenye pembe nane lililojengwa juu ya mwamba unaotazama bahari. Sayyid Said alijenga bafu za Kidichi, Unguja, mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi. Mwanawe Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliwajengea watu wa mji bafu za Hamamni, ambako mwenye pesa kidogo aliweza kuoga maji ya moto.

Hayo ni ya masultani. Kinachonivutia zaidi ni bafu la nyumba ya mawe ya Lamu. Ndani yake kuna birika lililojengwa ukutani, limepigwa lipu ya chokaa, na mtu huchota maji kwa kata ya kifuu cha nazi na kujimwagia akiwa amesimama pembeni. Haingii ndani ya birika, kwa hiyo maji ya watu wote hubaki safi. Humo walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika kulizamishwa bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wapate pa kujificha. Waliojenga hivyo walikuwa na fedha nyingi. Walikuwa na kaure ya China! Lakini waliishi kwenye kisiwa chenye maji machache, wakabuni bafu linalolingana na visima vyao. Nikiulizwa mtu wa Vurra aige nani, Mwingereza na beseni lake la bati au mtu wa Lamu, jibu langu ni la pili, na nitalirudia nikifika kwenye matofali.

Haya, turudi kwenye maji yanakotoka. Arua mjini, shirika la taifa la maji huchota mto Enyau na kusambaza kwa mabomba. Ukishuka kusini kuelekea mpakani, nyumba nyingi hutegemea pampu za mkono, chemchemi na mvua. Mvua ndiyo rafiki mkubwa wa mwenye hodhi, na hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 60 za mraba likipata mvua ya milimita 20, ambayo ni mvua ya kawaida tu ya mwezi Agosti huku, hutoa lita 1,200. Toa kinachorukia pembeni na maji ya kwanza yanayoosha vumbi, bado utabaki na takriban lita 900. Tatizo ni Desemba hadi Machi, mabati yanapokauka na vumbi jekundu kutawala. Kwa familia ya watu sita inayotaka pia kutumia hodhi mara moja kwa wiki, tangi la lita 5,000 halitoshi kuvuka kiangazi kizima bila kuongezewa. Nunua hodhi baada ya tangi, kamwe usitangulize hodhi.

Tangi nalo liwekwe juu. Kila mita moja ya kimo hutoa msukumo mdogo sana, sehemu ya kumi tu ya kipimo ambacho mafundi huita baa. Tangi lililo mita tatu juu ya sakafu litajaza hodhi, lakini polepole, hasa fundi akikupitishia bomba la nusu inchi kwa sababu ndilo alilonalo kwenye mfuko. Mwambie alete la robo tatu inchi mpaka kwenye bomba la hodhi. Tofauti ya bei ni ndogo, na utaiona tofauti yenyewe siku ya kwanza.

Kuhusu maji ya moto, Arua iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai maji ya tangi si ya mchezo. Kupasha lita 120 kutoka nyuzi 22 hadi 40 kunakula umeme wa uniti mbili na nusu hivi. Ile hita ndogo ya kwenye bomba la mvua, inayopendwa sana mijini, hutoa lita tatu au nne kwa dakika zikiwa na joto la kutosha; kujaza hodhi kwayo ni zaidi ya nusu saa, na mpaka umalize, maji ya mwanzo yameshapoa. Hita hiyo ni ya kuogea kwa kusimama. Kwa hodhi, heri sufuria kubwa jikoni: lita 30 za maji yanayochemka, jerikeni moja na nusu, zikichanganywa na lita 90 za baridi, hukupa joto lilelile la nyuzi 40. Tanguliza ya baridi, kisha ya moto, usipindue utaratibu huo hata siku moja. Mtoto anayedumbukia kwenye hodhi lenye maji ya moto matupu haungui kidole, anaungua mwili mzima. Ukiwa na jua, na Vurra ina jua, pipa la sola juu ya paa ndilo jibu la kudumu.

Hodhi lenyewe lipo la aina tatu. La chuma cha kuyeyushwa lina uzito wa kilo mia moja na zaidi, ndilo lililomo kwenye nyumba za serikali za zamani; hudumu miaka mingi. La bati lililopakwa kauri ni jepesi kuliko hilo, ila ukiliangushia kitu kizito kauri hubanduka na kutu huanza. La plastiki ngumu, akriliki, huchukuliwa na mtu mmoja, hutunza joto la maji, na ndilo linalojaa madukani. Ubaya wake ni kwamba chini yake likiachwa tupu hunesa, na kinachonesa mwishowe hupasuka. Kabla ya kutoa pesa, pima mlango wa bafu. Milango mingi ya bafu ni futi mbili na nusu, na hodhi hupita kwa ubavu tu, tena kama hakuna kona nyuma ya mlango. Nimeona ukuta mpya ukibomolewa kwa kosa hilo. Kwa nyumba ya chini uzito si hoja. Kwa ghorofa, kumbuka kwamba hodhi lenye maji na mtu ndani ni robo tani kwenye eneo dogo kuliko kitanda. Slabu ya zege iliyojengwa vizuri hubeba, sakafu ya mbao haifai bila mihimili ya ziada.

Sasa kazi yenyewe, na hapa ndipo wengi huharibu. Fundi mwenye haraka huweka hodhi kwanza, halafu hutafuta maji machafu yatapitia wapi. Anza na bomba la kutoa maji. Liwe la inchi moja na nusu, lishuke sentimita mbili hivi kwa kila mita, moja kwa moja kadiri inavyowezekana, hadi nje. Kama sakafu ya zege imeshamwagwa, una njia mbili: kuchimba mfereji kwenye zege, au kuliinua hodhi juu ya matofali. Mafundi hupenda ya pili kwa kuwa haina jasho, lakini hodhi lililoinuliwa hukufanya upande kama unapanda trekta, na kushuka ukiwa umelowa ni hatari kubwa zaidi. Chimba.

Chini ya tundu la hodhi iwepo trapu, ile kona ya bomba iliyopinda kama herufi U na inayobaki na maji wakati wote. Maji hayo machache ndiyo ukuta kati ya bafu lako na harufu, mende na mbu wa shimoni. Kiangazi, usipolitumia hodhi kwa wiki kadhaa, maji ya trapu hukauka na nyumba huanza kunuka. Watu huita fundi, ilhali kikombe kimoja cha maji kingetosha. Tundu la juu la kufurika nalo liunganishwe kwenye bomba hilohilo kabla ya trapu. Kuna nyumba ambako tundu la kufurika ni pambo tu, nyuma yake hakuna kitu, na maji yakilifikia humwagika chini ya hodhi bila mtu kujua mpaka ukuta wa chumba cha pili ufanye ukungu.

Hodhi la akriliki au la bati liwekewe tandiko la udongo wa saruji na mchanga chini ya kitako, laini bado, kisha likandamizwe mpaka miguu yake iguse sakafu. Pima kwa pima maji pande zote mbili, kwa urefu na kwa upana. Usiliinamishe kuelekea tundu: kiwandani limeshapewa mteremko wake, na ukiongeza wako maji yatatuama kwenye kona. Ukingo wa hodhi uingie ukutani kidogo, na vigae vishuke juu yake, ili maji yanayotiririka ukutani yaangukie ndani. Ukiweka vigae kwanza na hodhi baadaye, unabaki na ufa ambao hakuna silikoni itakayouziba kwa muda mrefu.

Kuhusu silikoni kuna jambo ambalo mafundi wengi hawaambiwi. Kabla ya kuipaka, jaza hodhi maji mpaka juu. Hodhi litashuka kidogo kwa uzito, na ufa kati yake na vigae utapanuka hadi mwisho wake. Hapo ndipo upake, ukiwa umekausha sehemu hiyo vizuri. Yaache maji humo mpaka kesho yake, silikoni ikauke ikiwa imenyooka. Ukipaka hodhi likiwa tupu, siku ya kwanza utakapoingia kuoga silikoni itavutwa na kuchanika. Wakati huohuo maji hayo yanakupimia uvujaji: weka gazeti kavu chini ya viungio vyote usiku kucha, asubuhi likague. Acha pia kijimlango upande wa trapu, cha mbao au kigae cha kufungua. Mwenye nyumba hukichukia kwa sababu hakipendezi, na fundi wa miaka mitano ijayo atakushukuru.

Nje ya nyumba, usiyapeleke maji ya hodhi kwenye choo cha shimo. Lita 120 kwa mkupuo hujaza shimo, hudhoofisha kingo zake na kuleta mbu. Chimba shimo lake, upana wa mita 1.2 na kina cha mita moja na nusu, ulijaze mawe. Mapengo kati ya mawe hubeba lita mia tano na zaidi, maana yake uogaji wa mara nne kabla udongo haujanywa hata tone. Kama udongo ni mfinyanzi, jaribu kwanza: chimba kijishimo, kijaze maji, uone yanachukua muda gani kunywewa. Kaa mita 30 kutoka kisima chochote, chako au cha jirani. Wengi watayaelekeza kwenye migomba, na sina ugomvi nao, mradi sabuni iwe ya kawaida na mboga za majani ziwe mbali.

Kubadilisha hodhi la zamani ni kazi fupi na chafu. La chuma halitoki mlangoni bila watu wanne. Mafundi hulifunika kwa blanketi nzito na kulivunja kwa nyundo kubwa. Kauri yake hukatika vipande vikali kama vioo, kwa hiyo miwani ya kazi, glavu na viatu vya kufunika, wala si kandambili. Lakini likague kwanza: kama chuma ni kizima na kasoro ni rangi tu, kuna rangi za epoksi za kulipaka upya. Badilisha mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu kwa plastiki ukiwa umeshabomoa, maana hutabomoa mara ya pili kwa hiari.

Niliahidi matofali. Vurra inachoma matofali yake, na mafundi wa kuyapanga hawakosekani. Kwa nyumba nyingi huku ningejenga chumba cha kuogea chenye sakafu ya mteremko, benchi la matofali la kukalia, na pembeni yake birika la lita 200 lenye bomba chini na mfuniko juu. Mzee mwenye magoti mabovu hukaa kwenye benchi bila kuruka ukuta wa nusu mita. Mama humwogesha mtoto bila kupiga magoti. Watu sita huoga kwa maji ambayo hodhi lingemaliza kwa mtu mmoja na kitu. Wapo wanaojenga hodhi lenyewe kwa matofali. Inawezekana: wavu wa waya ndani ya lipu, saruji sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu pamoja na dawa ya kuzuia maji, kona za mviringo, magunia mabichi juu yake kwa siku saba, kisha lijazwe na alama ya kalamu iwekwe usawa wa maji mpaka kesho. Ila ujue kwamba matofali hunywa joto, na maji yako ya nyuzi 40 yatapoa kabla hujapaka sabuni. Kama ni birika, baridi hiyo si neno. Kama ni hodhi, inaua maana yake yote.

Aliyesoma mpaka hapa na bado anataka hodhi, alinunue. Lakini nimwambie litakavyotumika, kwa kuwa ndivyo yanavyotumika mahodhi mengi katika miji yetu ambako maji ya bomba hukatika: litakuwa tangi. Maji yakitoka usiku litajazwa, na wiki nzima litachotwa kwa ajili ya kumwaga chooni na kupiga deki. Hakuna aibu katika hilo, birika la Lamu lilifanya kazi hiyohiyo. Nunua kizibo kizuri cha mpira, na lifunike, kwa sababu maji yaliyotuama ndani ya nyumba ni kitalu cha mbu. Zaidi ya yote, mtoto mdogo huzama katika maji ya sentimita chache, kimya kimya, wakati mama yuko jikoni. Fundi akishakusanya vyombo vyake, usimlipe mpaka awe ameweka komeo kwenye mlango wa bafu, upande wa nje, juu kabisa, mkono wa mtoto usipofika.